Kusoma mahandaki ya vita kwenye picha za anga: mwongozo kwa nyika za Uingereza

Nje kidogo ya mji wa Gosport, pwani ya Hampshire, kuna kipande cha nyika kiitwacho Browndown. Jeshi lilikitumia kwa mazoezi kwa miaka mingi, na vichaka vikajiotea juu ya kila kitu. Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba chini ya vichaka hivyo kuna uwanja mzima wa mazoezi wa Vita Kuu ya Kwanza: pande mbili za mahandaki zinazotazamana, kila upande na mstari wa mbele wa takriban mita 200, mahandaki ya kupitishia vifaa nyuma yake, na katikati eneo lisilo na mwenyewe. Aliyeyagundua ni afisa uhifadhi wa halmashauri, tena bila kushika jembe. Alikuwa anaangalia picha ya anga ya miaka ya 1950.

Kazi ya namna hiyo anaiweza yeyote mwenye kompyuta, subira na jicho lililofunzwa. Kompyuta na subira hupatikana. Jicho ndilo linalohitaji maelezo, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya jicho.

Kwa nini nyika

Nyika za Uingereza ni ardhi ya kichanga yenye tindikali, iliyofunikwa na hedha (kichaka kisichovuka goti, chenye maua ya zambarau mwezi Agosti), pamoja na kangaga na gosi lenye miiba na maua ya njano. Hedha ni jamaa ya karibu ya mierika inayoota kwenye miteremko ya juu ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Ardhi hiyo haifai kwa kilimo, kwa hiyo jeshi liliipata kwa urahisi, na mchanga ni laini kuchimba. Muhimu zaidi kwetu ni kwamba baada ya vita hakuna aliyeilima. Shambani, jembe la trekta hufuta handaki kwa misimu michache. Nyikani, handaki hubomoka lenyewe polepole na kubaki bonde dogo kwa zaidi ya miaka mia moja.

Ubaya wa mchanga ni kwamba kingo hazisimami. Handaki lililochimbwa na upana wa mita 1 na kina cha karibu mita 2 leo huwa bonde la mviringo lenye upana wa mita 2 hadi 3 na kina cha nusu mita, mara nyingine sentimita 20 tu. Usitafute kingo kali. Anayetazamia kuona handaki kama lilivyo kwenye filamu atapita juu yake mara kumi asilione.

Umbo kwanza, mstari baadaye

Mstari mmoja kwenye picha si ushahidi wa chochote. Nyika imejaa mistari: njia za ng'ombe, mifereji, mipaka ya kale, mabomba. Handaki la vita hutambulika kwa umbo linalojirudia kwa vipimo vilevile, kwa hiyo yaweke maumbo haya kichwani kabla ya kufungua picha yoyote.

Handaki la mbele la Vita Kuu ya Kwanza halikuchimbwa likanyooka. Lilichimbwa kwa meno ya mraba: kipande cha kufyatulia risasi chenye urefu wa mita 5 hadi 9, kisha handaki likarudi nyuma kuzunguka bonge la udongo lenye unene wa mita 3 hadi 4, kisha likatoka mbele tena. Bonge hilo, tuliite kikingio, liliachwa makusudi bila kuchimbwa. Kombora likianguka ndani ya kipande kimoja, vikingio vya pande mbili huzuia vipande vya chuma kuwafikia walioko vipande vya jirani. Na adui akiingia ubavuni, hawezi kufyatua risasi moja ikapita handaki zima. Ukijumlisha, umbo hujirudia kila mita 8 hadi 13. Namba hiyo ishike. Kwenye picha ya kipimo cha 1:10,000 (milimita 1 kwa kila mita 10 za ardhi) ni takriban milimita 1 kwa kila jino, na ukiliona jino hilo likijirudia mara tano au sita kwa nafasi sawa, hakuna mfereji wa shamba unaofanana nalo.

Mahandaki ya kupitia, yanayounganisha mstari wa mbele na wa nyuma, hayana meno ya mraba. Huenda kwa pembe kali, kushoto kulia kushoto, au kwa mawimbi. Ndiyo yanayokuonyesha nyuma ni wapi. Vipande vya kufyatulia vimesukumwa upande wa adui. Mahandaki ya kupitia huingia kutoka upande wa pili. Ukiona kichochoro kifupi kinachotoka kwenye mstari wa mbele kuelekea eneo la kati na kuishia kwenye kishimo, hicho ni kituo cha kusikilizia. Vishimo vya mstatili vilivyoambatana na mstari wa nyuma huenda vilikuwa mahandaki ya kulala yaliyoporomoka paa, na kijichochoro kifupi kilichojitenga upande wa nyuma mara nyingi ni choo.

Kwenye viwanja vya mazoezi tegemea kukuta pande zote mbili, "sisi" na "adui", zikiwa zimetengana kwa mita mia au mbili hivi. Umbali huo mdogo hushangaza, lakini ndivyo ilivyokuwa Ufaransa na Ubelgiji, na askari walifundishwa hali halisi. Tegemea pia kazi isiyokamilika: mstari unaoanza vizuri, meno safi, kisha unakatika ghafla. Kikosi kilipewa zoezi la siku kadhaa, kikahamishwa. Kingine kilikuja kikachimba juu ya kazi ya mwenzake. Kwenye Berkhamsted Common, Hertfordshire, maafisa wanafunzi wa kikosi cha mafunzo cha Inns of Court walichimba takriban kilomita 13 za mahandaki, na sehemu kubwa ilifukiwa baadaye. Yaliyofukiwa hayaonekani kwa kivuli; yatafute kwenye mimea.

Vita Kuu ya Pili vina sura nyingine kabisa. Askari walichimba mashimo mafupi ya mtu mmoja au wawili, mita 1.8 kwa 0.6 hivi, yakiwa yametawanyika. Kwenye picha shimo lenyewe halionekani; kinachoonekana ni doa jeupe la mchanga uliotupwa nje, na madoa hayo hujipanga kufuata ukingo wa kilima au kuzunguka kambi. Kisha kuna mifereji mirefu iliyonyooka, sambamba au inayokatana, iliyopita katikati ya nyika tambarare. Hiyo haikuwa ya kupigania. Ilichimbwa kuanzia 1940 kuzuia ndege na ndege nyiririko (zisizo na injini) za Kijerumani zisitue, na udongo mara nyingi ulirundikwa mafungu mafungu kando. Nyika za mchanga za Suffolk zina mifano mingi; hata uwanja wa makaburi ya kale wa Sutton Hoo, ambako meli ya mfalme ilifukuliwa mwaka 1939, ulikatwa na mifereji hiyo.

Kupata picha

Anza na picha za wima, yaani zinazotazama chini moja kwa moja, zilizopigwa na jeshi la anga la Uingereza baada ya vita. Nchi nzima ilipigwa, na miaka ya 1946 na 1947 ndiyo yenye picha nyingi zaidi, kwa kipimo cha karibu 1:10,000. Wakati huo mahandaki ya vita vya kwanza yalikuwa na miaka 30 tu, misitu ya misonobari ilikuwa haijapandwa au bado michanga, na malisho yalikuwa yameweka vichaka chini. Kwa England picha ziko kwenye hifadhi ya Historic England mjini Swindon, na nyingi zinatazamwa mtandaoni bila malipo. Kwa Uskoti ni NCAP, hifadhi ya taifa ya picha za anga, Edinburgh. Kwa Wales uliza tume ya makumbusho ya kale iliyoko Aberystwyth.

Unapoomba picha, usitaje jina la nyika peke yake. Toa viwianishi vya gridi ya taifa vya pembe za eneo lako, na uombe orodha ya picha zote za wima na za mshazari za miaka yote. Chagua angalau tatu: moja ya miaka ya 1940, moja ya kiangazi chenye ukame, moja ya majira ya baridi. Kila picha ya wima iagize pamoja na jirani yake kwenye mstari uleule wa ndege. Sababu utaiona chini.

Picha za ujasusi za Kijerumani zilizopigwa juu ya Uingereza wakati wa vita zinafaa sana kwa kazi za 1940, kwani zinaonyesha udongo ukiwa bado mbichi. Nyingi ziko kwenye hifadhi ya taifa ya Marekani.

Onyo kuhusu ramani za picha zilizounganishwa ambazo Ordnance Survey, idara ya ramani ya Uingereza, ilizitoa baada ya vita: baadhi ya maeneo ya kijeshi yalifutwa kwa mkono na kuchorwa mashamba ya uongo. Ukiona shamba safi mno katikati ya kambi, rudi kwenye picha ya asili.

Kipimo na skani

Pembeni mwa picha ya wima kuna maandishi: namba ya safari ya ndege, namba ya fremu, tarehe, urefu wa fokasi ya lenzi na urefu wa ndege kutoka usawa wa bahari. Kipimo hupatikana kwa kugawanya fokasi kwa urefu wa ndege. Lenzi ya inchi 20 ni futi 1.667, ndege ikiwa futi 16,600, kipimo ni karibu 1:9,960. Toa mwinuko wa ardhi kwanza iwapo nyika iko juu. Kilima cha futi 600 hubadilisha kipimo kwa karibu asilimia 4.

Sasa uamue skani. Kwa 1:10,000, handaki la mita 1 lina upana wa milimita 0.1 kwenye karatasi. Skani ya nukta 600 kwa inchi inakupa pikseli ya sentimita 42 ardhini, yaani handaki lenye pikseli mbili na ushee: halisomeki. Skani ya nukta 1,200 inakupa sentimita 21, pikseli tano kwa handaki, na hapo meno yanaanza kujitokeza. Kupita 2,400 unaongeza chembechembe za filamu tu. Omba faili lisilobanwa. Mbano wa kawaida wa picha hula mistari myembamba kwanza, kabla ya kitu kingine chochote.

Kuitazama

Geuza picha kusini ikae juu. Hili ndilo kosa linalowapata karibu wote wanaoanza. Uingereza jua liko kusini, vivuli huelekea kaskazini. Ukiweka kaskazini juu kama ramani, vivuli vinakwenda juu, mbali nawe, na ubongo uliozoea mwanga utokao juu hugeuza kila kitu: mabonde yanakuwa matuta, mahandaki yanakuwa kuta. Ukigeuza picha, yanarudi mahali pake. Hakikisha kwa kitu unachokijua, mti au nyumba: kivuli chake kianguke kuelekea kwako.

Kisha tumia picha mbili. Ndege ilipiga kwa mpishano wa takriban asilimia 60, kwa hiyo kila sehemu ya ardhi iko kwenye picha mbili kutoka pembe tofauti. Ziweke chini ya stereoskopu ya mfukoni (kifaa cha lenzi mbili, kila jicho na picha yake), alama moja ya picha zote mbili ikitengana kwa sentimita 6 hivi, zote zikiwa zimelala kwenye mstari wa ndege. Ardhi itainuka. Urefu huonekana umezidishwa, na ndiyo faida yenyewe: tuta la sentimita 40 lisiloonekana kwa picha moja husimama wazi. Asiye na stereoskopu atengeneze picha ya rangi mbili kwenye kompyuta na kuvaa miwani ya nyekundu na samawati. Picha zikiungana lakini mabonde yakawa vilima, umezibadilisha kushoto na kulia.

Kivuli kina upendeleo. Handaki linaloelekea upande uleule wa jua halitupi kivuli na hutoweka, ilhali lile linalokata mwanga huonekana. Kwa hiyo usiandike "mstari umeishia hapa" kabla ya kuona picha ya saa nyingine. Meno ya mraba husaidia, maana hata mstari ukienda na jua, pande fupi za meno zinaukata mwanga, na utaona vipande vipande vilivyopangwa kwa nafasi sawa.

Mimea inasema nini

Chini ya hedha kuna udongo wa matabaka: juu weusi, kisha mchanga wa kijivu ulioshwa rutuba yote, kisha ukoko wa chuma mgumu unaozuia maji. Mchimba handaki aliuvunja ukoko huo na kuupindua udongo. Matokeo yake yanaonekana hadi leo. Kwenye matuta, ambako udongo umechanganyika na ni mkavu, kangaga na gosi huingia na kuisukuma hedha. Chini ya handaki, pale ambapo ukoko haukuvunjwa, maji hutuama na majani marefu ya majimaji huota. Handaki lililofukiwa kabisa nalo huacha ukanda wa kangaga katikati ya hedha.

Kwenye picha nyeusi na nyeupe hedha ni nyeusi, nyasi ni nyepesi, gosi ni jeusi lenye vinundu, na kangaga hubadilika: kijivu cha kati wakati wa kiangazi, jepesi sana lililokauka majira ya baridi. Ndiyo maana picha ya Februari na ya Julai za eneo moja zinaweza kuonyesha mstari uleule mmoja mweupe, mwingine mweusi. Hazipingani. Miaka miwili mitatu baada ya moto au kukatwa kwa hedha ndiyo dirisha bora kuliko yote; baada ya hapo vichaka hufunga tena. Theluji nyembamba inayoyeyuka nayo husaidia, kwani hukawia mabondeni.

Lida

Data za lida, yaani vipimo vya mwinuko vilivyopigwa kwa leza kutoka kwenye ndege, zinatolewa bure na Environment Agency, wakala wa mazingira wa serikali, kwa England nzima kwa gridi ya mita 1. Wales na Uskoti zina tovuti zake. Hii ndiyo njia inayofaa zaidi pale ambapo misonobari imeshafunika nyika. Huko Cannock Chase, Staffordshire, ambako kambi za Brocton na Rugeley zilipitisha maelfu ya askari, upimaji wa lida wa mwaka 2016 ulifichua mabaki mengi chini ya miti na kangaga.

Pakua modeli ya ardhi tupu, lakini pakua na modeli ya uso pia, ile yenye miti na vichaka. Kichujio kinachoondoa miti wakati mwingine hudhani tuta jembamba ni kichaka na kulifuta. Kinyume chake pia hutokea: gosi likisongamana leza haifiki chini, kompyuta inachukua kilele cha kichaka kuwa ardhi, nawe unachora tuta lisilokuwepo. Ukilinganisha modeli mbili utaliona tuta lililofutwa, lakini tuta la gosi huonekana kwenye zote mbili, kwa hiyo lihakiki kwenye picha za anga.

Picha ya kivuli inayotengenezwa na programu ya ramani kama QGIS huanza na mwanga wa kaskazini-magharibi, nyuzi 315, ukiwa juu nyuzi 45. Mwanga huo ni wa milima. Kwa bonde la sentimita 30 ushushe hadi nyuzi 15 au 20, zidisha mwinuko mara 3 hadi 5, na utengeneze picha kutoka pande zisizopungua nane. Bora zaidi, tumia njia isiyotegemea upande wa mwanga: kipimo cha sehemu ya anga inayoonekana kutoka kila pikseli, ambapo mabonde huwa meusi na matuta meupe popote yaelekeapo. Programu ya bure ya RVT kutoka Slovenia huitengeneza. Kwa handaki, weka duara la utafutaji la mita 5 hadi 10. Ukiliacha kubwa, vilima vitameza mahandaki.

Usitegemee mashimo ya mtu mmoja kuonekana kwa gridi ya mita 1. Hayataonekana. Kwa hayo rudi kwenye madoa meupe ya 1946.

Kuipachika picha kwenye ramani

Nyika haina pembe za nyumba, na hapo ndipo kazi hii inapoharibika. Unahitaji alama 8 hadi 12 ambazo hazijahama tangu picha ipigwe: pembe ya kanisa, daraja la reli, njia panda ya zamani, makutano ya ua wa shamba. Zizungushe eneo lako pande zote, hata ikibidi utoke nje ya nyika. Alama zote zikiwa upande mmoja, picha itakaa sawa hapo na kupotoka mita 20 upande wa pili, huku programu ikikuonyesha kosa dogo la kupendeza. Kingo za msitu na njia za miguu usizitumie, zinahama.

Kwa ardhi tambarare tumia ugeuzaji rahisi wa daraja la kwanza, unaosogeza, kuzungusha na kunyoosha picha nzima kwa pamoja bila kuikunja. Wastani wa kosa ukiwa mita 2 au 3, endelea. Ukivuka 5, tafuta alama mbovu badala ya kuongeza daraja, maana daraja la tatu hukunja picha katikati ya alama bila kukuambia. Kwenye vilima kuna kosa la asili lisiloondoka: kitu kilichoinuka husukumwa mbali na katikati ya picha. Kwa picha yetu ya 1:10,000, kilima cha mita 20 kilichoko milimita 80 kutoka katikati husogea kiasi cha mita 3.

Hakikisha pia mfumo wa viwianishi. Gridi ya taifa ya Uingereza na mfumo wa setilaiti zinatofautiana kwa mita mia hivi usipotumia ubadilishaji sahihi. Ukiona mahandaki yako yote yamehama kwa pamoja kuelekea upande mmoja, sababu ni hiyo.

Chora sasa, kwa tabaka tofauti: bonde, tuta, na alama ya mimea pekee. Kila mstari uandikie umetoka picha ipi na ya tarehe gani. Ukivichanganya, baada ya mwezi hutajua ulichokiona na ulichokidhania.

Vinavyodanganya

Mistari ya jembe la upandaji miti ni sambamba, yenye nafasi ya mita mbili tatu, na hujaza shamba zima. Handaki haliji kwa wingi huo. Njia za kale za mikokoteni hushuka kilima zikiwa kadhaa pamoja na kuungana bondeni. Mifereji ya maji hufuata mteremko. Handaki la mbele hufuata usawa wa kilima. Matuta ya kufugia sungura ni mafupi, mapana, yenye mfereji pembeni. Njia za pikipiki hupinda kwa duara laini na hazina tuta. Milipuko ya makombora hutoa mashimo ya duara yasiyo na mpangilio, ambayo ni kawaida kuyakuta karibu na mahandaki ya mazoezi.

Pia kuna maeneo ya kuwahadaa marubani: mioto ya uongo iliyowashwa usiku ili mabomu yaanguke nyikani badala ya mjini. Black Down, kwenye vilima vya Mendip, ilikuwa chambo cha kuilinda Bristol, na imejaa mistari ya vifungu vya mawe na udongo vya kuzuia ndege zisitue. Kwa mtazamo wa haraka huonekana kama kazi ya kale sana.

Na kuna modeli. Brocton, Cannock Chase, askari wa New Zealand walijenga mwaka 1918 mfano mdogo wa uwanja wa Messines, Ubelgiji, walikopigana Juni 1917, ukiwa na mahandaki ya saruji ya kina cha kiganja. Ulifukuliwa mwaka 2013 kisha ukafukiwa tena ili uhifadhiwe. Meno yenye nafasi ndogo mno badala ya mita 10 si lazima yawe kosa la kipimo chako.

Tarehe

Picha inakupa mwisho tu: handaki lilikuwepo siku ile. Mwanzo utautafuta kwa kupatanisha. Meno ya mraba na mahandaki ya kupitia, kambi ya 1914 hadi 1918 ikiwa umbali wa kutembea, hayo yanakubaliana. Kama halipo kwenye picha ya 1940 na lipo kwenye ya 1946, jibu umepata. Angalia lipi linakata lipi: mfereji wa kuzuia ndege unaopita juu ya handaki lenye meno ni wa baadaye. Kwa vita vya pili, shajara za vikosi vilivyokuwa nchini ziko kwenye hifadhi ya taifa ya Kew, London, mfululizo WO 166. Usitegemee ramani za Ordnance Survey. Vitu vya kijeshi mara nyingi viliachwa nje.

Kwenda kuthibitisha

Nenda Januari au Februari, kangaga likiwa limelala, asubuhi jua likiwa chini. Kuanzia Machi hadi Agosti ndege wanaotaga ardhini wamo ndani ya hedha, na maeneo mengi yana sheria kali. Omba ruhusa ya mwenye ardhi kwa maandishi. Kifaa cha kutafutia chuma kiache nyumbani: kwenye eneo lililolindwa kisheria kukitumia bila kibali ni kosa chini ya sheria ya mwaka 1979, na kwenye uwanja wa jeshi ni kujitafutia mauti. Chuma chochote cha mviringo au chenye mapezi usikiguse, usikipige teke, usikisogeze. Weka alama mbali nacho, ondoka ulikotokea, piga simu polisi.

Beba utepe wa mita 30, fito mbili za kupimia, na karatasi ya ramani yako. Simu hukosea mita 3 hadi 5, hivyo haitakuambia uko jino lipi. Hesabu meno kutoka kona inayojulikana. Pima upana kutoka ukingo hadi ukingo na kina kutoka kilele cha tuta, mara tatu kwa kila mstari. Usiingie ndani ya bonde: kingo za mchanga hubomoka, na ubomokaji huo ndio unaofuta ushahidi. Mwishoni peleka ramani, namba za picha na vipimo kwa ofisi ya kumbukumbu za mambo ya kale ya kaunti husika. Ugunduzi usioandikishwa hausimamishi tingatinga.

Kwa anayetaka kujaribu Taita Taveta

Njia zilezile zinafanya kazi Salaita na Maktau, Kenya, ambako vita hiyohiyo ya kwanza iliacha mahandaki na kuta za mawe. Mambo mawili yanabadilika. Salaita iko karibu nyuzi 3.5 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua la mchana liko kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba; soma tarehe ya picha kabla ya kuigeuza. Na usianze kileleni. Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini waliishambulia Salaita wakiamini Wajerumani wako juu ya kilima. Mahandaki yenyewe yalikuwa chini, miguuni pa kilima, yamefichwa na vichaka. Zungusha utafutaji wako pale mteremko unapokutana na tambarare, na utumie picha zenye pikseli isiyozidi nusu mita. Picha za bure za setilaiti zenye pikseli ya mita 10 hazitakuonyesha hata tuta moja.